Filamu za Kigeni na Watazamaji wa Msasani

Mtu akilitaja jina la Msasani mbele ya Watanzania kumi, tisa watafikiri juu ya ufuko wa Bahari ya Hindi, jijini Dar es Salaam. Msasani ninayoizungumzia mimi haina bahari. Ni kata iliyomo katika mji wa Tukuyu, wilayani Rungwe, mahali ambapo mvua hunyesha hata katika miezi ambayo kwingine nchini watu huitazama mbingu kwa huzuni, na migomba husogea mpaka kwenye kuta za nyumba. Hapa ndipo nilipolelewa, na hapa ndipo nilipotenda, nikiwa mtumishi wa serikali, jambo lililonifanya niiandike insha hii.

Sinema ya kwanza maishani mwangu niliiona katika miaka ya 1970, nikiwa mtoto wa shule ya msingi. Ililetwa na gari la serikali. Mafundi walitundika shuka jeupe, wakawasha jenereta, na watu waliokwisha kuketi majanini tangu jua halijatua wakapiga vigelegele kwa kuuona mwanga tu. Picha zenyewe zilihusu kilimo bora, usafi wa maji na sherehe za taifa. Lakini nikiulizwa leo ninakumbuka nini, nitasema ninakumbuka sauti. Alikuwapo bwana mmoja mwenye kipaza sauti aliyeeleza kila kilichotokea. Ng'ombe alipopita katika picha, bwana yule alimsifu kwa maneno ambayo mfugaji yeyote wa kwetu angependa kuyasikia juu ya ng'ombe wake mwenyewe. Kesho yake shuleni tulimwigiza yeye, wala si watu waliokuwamo katika picha.

Utaratibu huo haukuanza na Uhuru. Kati ya mwaka 1935 na 1937, kule Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza walitengeneza filamu fupi zaidi ya 30 kwa ajili ya Waafrika wa vijijini, wakazitembeza kwa lori katika nchi za Afrika Mashariki na Kati, maelezo yakitoka katika sahani za santuri kwa Kiswahili na lugha nyingine. Nia ilikuwa kufundisha, na wao ndio waliojiamulia Mwafrika afundishwe nini. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ikaja Muhogo Mchungu, ambamo aliigiza Rashidi Mfaume Kawawa, yule yule ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu wetu. Vijana ninaowasimulia jambo hili hudhani ninafanya mzaha.

Baada ya Uhuru taifa lilijua vyema kwamba picha zina nguvu. Mwaka 1968 iliundwa Kampuni ya Filamu Tanzania, nayo ikapata kazi ya kuingiza na kusambaza filamu nchini pamoja na kutengeneza za kwetu. Katikati ya miaka ya 1970 tuliipata Fimbo ya Mnyonge, na mwaka 1985 Arusi ya Mariamu. Zilikuwa filamu za heshima, nazo zilikuwa chache mno, kwani filamu mbichi hununuliwa kwa fedha za kigeni, na fedha hizo zilikuwa na wadai wengi kabla ya msanii. Wakati huo huo majumba ya sinema ya mijini yalijaa watu kwa picha za Kihindi, na kisha kwa picha za ngumi na mateke kutoka Hong Kong. Wazee wa Unguja na wa mwambao wangali wakiimba nyimbo za Awara, filamu ya mwaka 1951, ingawa wengi wao hawakupata kukijua Kihindi. Hata ile Msasani ya baharini ilikuwa na sinema yake tangu mwaka 1966, ambayo mtu aliitazama akiwa ndani ya gari. Kiwanja kile leo kina ubalozi wa Marekani.

Sasa niingie katika jambo langu.

Mwaka 1999 nilikuwa msaidizi katika shughuli za utamaduni kwenye ofisi moja ya umma. Vibanda vya video vilikuwa vimechipua kila mahali kama uyoga baada ya mvua, na walimu walilalamika kwamba wanafunzi walitoroka masomo. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 ilikuwapo, nami nikapewa daftari na kalamu nikaambiwa nikakague.

Siendi mbali kabla sijaungama kitu. Majuma mawili kabla ya siku ile ofisi yetu iliandaa jioni ya mashairi, bila kiingilio. Walikuja watu 19, na sita kati yao walikuwa watumishi wenzangu walioamriwa kuja. Nilisoma shairi langu la beti 14 juu ya umoja wa taifa, vina vimetimia vya kati na vya mwisho, mizani hazikupungua wala kuzidi. Walipiga makofi kwa adabu. Kwa hiyo nilipoingia katika kibanda kile cha mabanzi pale Msasani na kuhesabu watu 63 waliolipa, mkubwa shilingi 100 na mtoto shilingi 50, pamoja na wengine waliochungulia kupitia nyufa, sikuhesabu kama mkaguzi peke yake.

Filamu ilikuwa Titanic. Kando ya televisheni alisimama kijana wa miaka ishirini hivi, mwenye kipaza sauti kilichofungwa kwa utepe mweusi, akiisimulia kwa Kiswahili kilichotiwa Kinyakyusa pale kicheko kilipohitajika. Siku hizo wasimulizi wa namna hiyo walikuwa wameanza kupata umaarufu nchini, na wa Dar es Salaam anayejulikana kwa jina la Lufufu kanda zake zilifika mbali. Kijana wetu hakuwa na kanda. Alikuwa na kinywa chake tu. Abiria wa daraja la tatu aliwaita abiria wa lori la viazi. Yule mama mwenye kiburi, mzazi wa binti, alimpachika jina la mke wa tajiri mmoja ambaye sote tulimfahamu, na watu wakacheka mpaka bati likaitikia. Niliandika katika daftari: msimulizi anaongeza mambo yasiyokuwamo.

Meli ilipoanza kuinama, akanyamaza. Mvua ilikuwa ikinyesha juu ya bati, na Kiingereza cha wale wazungu hakikusikika tena. Kisha akasema taratibu, bila madoido yoyote, kwamba hivi ndivyo walivyokuwa wenzetu wa MV Bukoba, na kwamba wao nao waligonga chuma kwa ndani. Hakuna aliyehitaji kuambiwa zaidi. Ilikuwa haijatimia miaka minne tangu tarehe 21 Mei 1996, siku ambayo mamia ya Watanzania walikufa katika Ziwa Victoria wakikaribia Mwanza. Mama mmoja aliyeketi mbele yangu, muuza ndizi ninayemfahamu, alijifunika khanga usoni. Watoto waliokuwa wakitafuna miwa waliacha. Nilikaa pale mpaka mwisho, ingawa kazi yangu ilikuwa imekwisha zamani. Nilipotoka kijana alinishika mkono kwa mikono miwili, akaniambia, "Ndaga, bwana afisa, kwa kututembelea."

Niliandika ripoti. Nilieleza kwamba kibanda hakina kibali, kwamba hakina mlango wa pili, kwamba walikuwamo watoto 11 wenye sare za shule, na kwamba msimulizi hupotosha maana ya filamu. Nikapendekeza kifungwe, nacho kikafungwa. Juu ya mlango wa pili ningali na msimamo ule ule. Moto ungewaua wote. Juu ya sare pia. Lakini kile kipengele cha nne sikukiandika kwa ajili ya sheria. Kijana alikwenda Mbeya kutafuta maisha.

Miaka mingi baadaye nilianza kusoma habari za Wajapani na sinema zao, na filamu iliyonipeleka huko ilikuwa ile ile ya kibandani. Mwaka 1997 filamu ya katuni ya Hayao Miyazaki, Princess Mononoke, ilivunja rekodi ya mapato katika majumba ya sinema ya Japani. Haikupita muda Titanic ikaja ikaipita, ikakaa juu kama ilivyokaa katika nchi nyingi duniani. Mwaka 2001 Miyazaki huyo huyo akatoa Spirited Away, hadithi ya msichana mdogo anayefanya kazi katika nyumba ya kuogea ya mizimu, nayo ikaishinda Titanic kwa kukusanya zaidi ya yeni bilioni 30. Katuni zilizochorwa kwa mkono zikaizamisha ile meli kubwa.

Mwalimu asikimbilie kushangilia. Filamu moja haikutosha. Mwaka uliofuata, 2002, katika kila yeni 100 zilizolipwa na Wajapani kwenye milango ya sinema, ni yeni 27 tu zilizokwenda kwa filamu za nyumbani. Zilizosalia zilikwenda kwa wageni. Ilipofika mwaka 2006 ndipo filamu za Kijapani zilipopata zaidi ya nusu, kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1985. Mwaka 2020, katikati ya janga la korona, filamu ya katuni ya Demon Slayer, ile ya Mugen Train, ilipata zaidi ya yeni bilioni 40. Mwaka 2024 filamu za nyumbani zilichukua kama robo tatu ya mapato yote, na zilizotangulia nyingi zilikuwa za katuni.

Nilitaka kujua siri yake, nikakuta kwamba haianzii ndani ya jumba la sinema. Hadithi ya Demon Slayer ilitoka kwanza sura kwa sura, kuanzia mwaka 2016, katika gazeti la kila wiki la hadithi za picha. Kisha mwaka 2019 ikaonyeshwa katika televisheni. Ndipo ikaenda kwenye sinema. Mtoto anayenunua tikiti amekwisha kuishi na wahusika wale, anajua kovu la huyu na majonzi ya yule. Filamu ya kigeni humkuta ana wageni wengine nyumbani.

Tena nilikuta jambo ambalo lilinifanya nikifunge kitabu kwa muda. Zamani, filamu zilipokuwa bado hazina sauti, kila sinema ya Japani ilikuwa na msimulizi aliyesimama kando ya pazia akizieleza picha za Ulaya na Marekani kwa Kijapani, akiigiza sauti za wanaume na wanawake. Waliitwa benshi. Watu waliwafuata wao kuliko waliowafuata waigizaji. Filamu zenye sauti zilipoingia, katika miaka ya 1930, kazi yao ikafa. Kaka yake Akira Kurosawa, mtengenezaji filamu mashuhuri, alikuwa mmoja wao, naye alijiua mwaka 1933. Wajapani leo huwataja benshi kwa heshima katika historia ya sanaa yao. Wa kwetu nilimwandikia ripoti.

Na sisi rutuba tulikuwa nayo. Chakubanga alikuwa akituchekesha katika gazeti la Uhuru tangu miaka ya 1960. Gazeti la Sani lilitupa Ndumilakuwili na Lodi Lofa. Shuleni kwetu nakala moja ilisomwa na darasa zima mpaka karatasi zikalainika kama kitambaa. Jioni Radio Tanzania ilituletea Pwagu na Pwaguzi. Hata mmoja wao hakufika kwenye pazia kubwa akadumu. Edward Saidi Tingatinga, aliyekuwa akiishi Msasani, ile ya baharini, alichora wanyama wake kwa miaka michache tu kabla ya kufa mwaka 1972. Mwaka 2010 mtindo wake uligeuzwa kuwa katuni za televisheni zilizopendwa na watoto wa nchi nyingi. Zilitengenezwa Nairobi, pamoja na kampuni ya Uingereza.

Sisemi kwamba tumelala. Tangu Girlfriend ya mwaka 2003 vijana wetu wametengeneza filamu nyingi kwa fedha kidogo, na Steven Kanumba alipofariki mwezi wa Aprili 2012 umati uliojitokeza Dar es Salaam kumzika ulikuwa jibu tosha kwa wale waliodhani kwamba Mtanzania hawezi kumpenda mwigizaji wake. Mwaka 2021 Vuta N'kuvute, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilionyeshwa Toronto. Tangu mwaka 2014 Ubongo Kids, inayotengenezwa Dar es Salaam, inawafundisha watoto hesabu kwa katuni za Kiswahili. Mjukuu wangu humjibu mhusika katika simu kwa sauti kubwa, kisha hugeuka kunitazama kama nami nimejibu.

Lililonichoma zaidi ni dogo. Mwaka 2011 televisheni ya taifa ilianza kuonyesha tamthilia ya Kichina juu ya bibi arusi Doudou na mama wakwe zake, kwa sauti za Kiswahili. Watu waliipenda. Mwaka 2013 Rais wa China aliitaja katika hotuba yake Dar es Salaam, nayo ikapigiwa makofi. Nilikuwa nikiisikiliza hotuba ile katika redio ya ofisini, na wenzangu walisema ni jambo jema kwa utamaduni kwamba mgeni amesemeshwa kwa lugha yetu. Nilikubali kwa kichwa.

Binti yangu, ambaye ni mwalimu wa sekondari, ndiye aliyenionyesha Spirited Away. Ndani yake mchawi mwenye nyumba humnyang'anya yule msichana jina lake, ili amsahaulishe njia ya kurudi kwao. Bibi yangu angeielewa hadithi ile bila msimulizi. Mazimwi yake yalikuwa na tabia hiyo hiyo. Lakini binti yangu hakuweza kuwaonyesha wanafunzi wake, kwani hawangefuata maneno. Aliniuliza kama ninamjua mtu wa kuisimulia.

Nilikwenda kulitafuta faili la mwaka 1999, na nakala ya ripoti ningali ninayo. Ina kurasa mbili. Idadi ya mabenchi imo, na kiingilio, na watu 63, na mlango mmoja. Sehemu ya maoni ya jumla ina mistari mitatu, imeandikwa kwa Kiswahili safi kabisa. Mama aliyejifunika khanga hamo.