Black Sails: wa miaka 14 aangalie?

Test zimepungua kidogo, tupumue.

Hapa chumbani kwetu tumeimaliza Black Sails yote, misimu minne, episodi 38. Ni tamthilia ya maharamia ya Marekani, Starz waliirusha kuanzia 2014 hadi 2017. Sasa mdogo wangu, miaka 14, kidato cha pili, kashajua ninayo kwenye flashi na anaitaka likizo. Mama naye kanipigia: "Hiyo ya maharamia, mtoto aangalie?" Mama anadhani ni kama zile za Johnny Depp. Hapana jamani, hivi ni vitu viwili tofauti kabisa.

Utamu wake upo, siwafichi. Inasimulia yaliyotangulia kitabu cha Robert Louis Stevenson cha 1883, kile ambacho wazee wetu walikisoma kwa Kiswahili kama Kisiwa chenye Hazina. Tuko Nassau, Bahamas, mwaka 1715. Kepteni Flint anaiwinda merikebu ya Wahispania, Urca de Lima, na John Silver bado ana miguu yake miwili. Wamechanganywa na maharamia waliokuwepo kweli: Charles Vane, Jack Rackham, Anne Bonny. Hata Woodes Rogers, gavana aliyefika kisiwani 1718 kuwakomesha, yumo.

Lakini kwao Marekani imepewa alama ya TV-MA, yaani haiwafai walio chini ya miaka 17. Na siyo damu tu. Msimu wa kwanza umejaa utupu na danguro, halafu kuna Max, msichana anayebakwa na mabaharia. Hapo ndipo ninapokwama. Baadaye Max anakuja kuwa mmoja wa watu wenye nguvu kuliko wote Nassau, na ukifuatilia unaelewa alichopitia. Ila kijana wa miaka 14 na wenzake hawafuatilii, wanasogeza mbele kutafuta "zile sehemu". Atabaki na picha tu, maana yake haipati.

Rafiki yangu mmoja kabisha: "Mbona sisi tuliangalia mengi na tumekua salama?" Sawa, ila tuliangalia sebuleni. Ikifika pabaya baba anakohoa, rimoti inafanya kazi. Leo mtoto anaangalia kwenye simu, ndani ya shuka, hedifoni masikioni. Nani atakohoa?

Kinachoniuma ni kwamba misimu ya mwisho ina mambo ningependa tuyajadili naye. Kuna watumwa waliotoroka wenye makazi yao msituni, kuna Madi, binti wa malkia wao, na kuna swali zito: nani anampa mwenzake jina la haramia, na kwa faida ya nani? Hayo hata hapa chuo tunabishana mpaka usiku wa manane.

Kwa hiyo msimamo wangu: miaka 14 hapana, 17 ndiyo, tena na mkubwa pembeni wa kuulizwa maswali. Na ukisema hapana tu ukaishia hapo, umemtuma kwenye kibanda cha kuwekewa muvi, ambako hakuna anayeuliza umri. Bora umweleze kwa nini, halafu umpe kile kitabu cha Stevenson aanze na Silver wa humo. Hazina ipo, mapanga yapo, usingizi hautakuja.

Nyie wenye wadogo zenu, flashi mnazificha wapi?