Nkambo wangu hakuwa mchawi

Mwezi wa Novemba ndio mwezi wa kuwakumbuka marehemu wetu. Mimi ninaye marehemu mmoja ambaye, kabla ya kumwombea, yanipasa kwanza kumwomba radhi. Ni nkambo wangu, mama ya baba, aliyefariki kwetu Moba, kando ya ziwa Tanganyika, mwaka 2022.

Alizaliwa siku ambazo Moba ilikuwa ikiitwa bado Baudouinville. Kusoma hakujua. Lakini mama yake alimsimulia habari za mwaka 1917, Stefano Kaoze alipopewa upadri pale pale, Mkongo wa kwanza katika Congo ya Wabelgiji. Habari hiyo aliishika kama urithi. Nilipoingia seminari, aliuza mbuzi wake wa pekee ili ninunuliwe viatu na sanduku. Aliniita "bwana yangu", kama wankambo wafanyavyo kwetu, akasema: "Bwana yangu, nenda ukajifunze kusema kweli mbele ya watu."

Basi, mwaka 2010 nilikuwa nyumbani kwa likizo. Mtoto wa baba mdogo, mwenye miaka minne, akashikwa na homa. Siku tatu alipewa majani tu. Usiku wa tatu degedege ikampata. Tukambeba kwenda dispanseri, akafa njiani.

Kwenye kilio maneno yakaanza, kwanza kwa kunong'ona. "Mzee huyu anaishi miaka yote hii, na watoto wanakufa. Tazameni macho yake mekundu!" Kumbe macho yale yaliharibiwa na moshi, maana tangu usichana wake alikausha samaki ili atulishe sisi. Ndipo mjomba mmoja akanigeukia: "Wewe uliyesomeshwa na mapadri, wasemaje?"

Nilijua la kusema. Nilijua kwamba malaria huletwa na mbu. Nilijua pia ni nani aliyekesha usiku tatu akimpangusa mtoto yule kwa maji. Lakini niliogopa macho ya watu, nikajibu: "Mungu ndiye anayejua."

Neno hilo ni kweli, ndugu zangu. Lakini siku ile nililitumia kama mwizi anayejificha nyuma ya altare. Nkambo alikuwa ameketi karibu. Alisikia.

Tangu siku hiyo watoto walikatazwa chakula chake. Alipika peke yake, akala peke yake. Siku ya mwisho ya likizo yangu alisonga bukari, akapika ndakala, akaniwekea katikati ya kiwanja, mahali ambapo wote waliweza kuona. Nilikula. Sikula kwa ushujaa, nilikula kwa haya. Akanitazama mpaka nikamaliza, akasema: "Bwana yangu, leo mdomo wako umefunguka kwa bukari. Siku nyingine ufunguke kwa kweli."

Hakuniambia neno lingine juu ya jambo hilo hadi kufa kwake. Polepole watoto walirudi kwenye chungu chake. Na alipougua, aliyemwosha na kumlisha alikuwa mama ya yule mtoto aliyekufa.

Upadri sikuufikia. Leo mimi ni katekista, nina mke na watoto. Kila mara mtoto anapokufa katika kijiji changu, kabla ya maneno kuanza, ninakwenda kwa mzee aliye peke yake kuliko wote, ninaketi mlangoni pake, ninaomba chakula, na ninakula mbele ya watu. Hayo sikufundishwa seminari.

Enyi wazazi, mtoto akishikwa na homa, mpelekeni dispanseri siku ile ile, na usiku mlazeni ndani ya chandarua. Msitafute mchawi ili kufunika uchelewaji wenu. Mwaka 2021 Papa Fransisko aliweka siku ya kuwaheshimu wazee kila mwaka, Jumapili ya nne ya Julai. Lakini heshima ya Jumapili moja haitoshi, ikiwa Jumatatu tunawanong'onea. Amri ya nne ni ya siku zote.

Nkambo, ulingoja kimya miaka kumi na miwili, na mimi sikusema. Leo nimesema, tena mbele ya watu wengi. Mungu akupe raha ya milele, nawe uniombee.