Taulo la maji, si mbabula

Hapa kwetu Karavia mwezi wa saba hauna huruma. Usiku baridi, mchana upepo na vumbi jekundu, na mvua tuliiaga tangu mwezi wa nne. Asubuhi moja mtoto wangu wa mwisho aliamka shuka lina damu. Pua ilikuwa imekauka, midomo imepasuka.

Dada yangu aliye Ubelgiji akaniambia kwa simu ninunue mashine ya kutoa mvuke. Nikacheka. Umeme wenyewe unakuja unapotaka! Nikaingiza mbabula chumbani, nikaweka sufuria ya maji juu yake, nikafunga dirisha. Mvuke ulitoka vizuri sana. Saa sita ya usiku kichwa kiliniuma ajabu, miguu haina nguvu, na mtoto nikimwita anaitika kama mlevi. Namna nilivyoufikia mlango, Mungu anajua.

Muuguzi alinieleza: hewa mbaya ya makala haina harufu. Hata makala yakiwa mekundu bila moshi, katika chumba kilichofungwa inaua watu usingizini.

Sasa kila jioni nalowesha taulo kwa maji safi, nalikamua, nalitundika karibu na kitanda, dirisha wazi kidogo. Asubuhi limekauka, maji yake yameingia hewani. Damu bado inatoka siku mojamoja. Hapo mtoto anainama mbele, nambana pua dakika 10.

Mama mkwe bado ananuna akiona mbabula imelala nje. Nampa blanketi la pili.