Ujumbe na Mwisho wa Hadithi: Vikundi vya Sanaa vya Mombasa Bara

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umekaa kisiwani kwa muda mrefu. Mombasa inayofahamika zaidi katika darasa la fasihi ni ile ya Muyaka bin Haji, ya Mji wa Kale na ya taarabu za harusi. Anayetaka kutoka humo hana budi avuke: kwa feri kwenda Likoni, kwa Daraja la Nyali lililofunguliwa mwaka 1980 kwenda Kisauni, au kwa njia ya Makupa kwenda Changamwe. Ng'ambo hizo ndiko wanakolala wengi wa wale wanaovuka alfajiri kuufanyia mji kazi, na sanaa yao haikupata nafasi kubwa katika vitabu. Mhakiki anayevuka na daftari lake huwa na swali alilofunzwa tangu shule ya sekondari: ujumbe wa kazi hii ni upi? Swali hilo si baya. Hata hivyo, likiwa peke yake humfanya asiyaone mabadiliko yanapotokea mbele ya macho yake.

Na aanzie Changamwe. Huko kuna ushirika wa wachongaji wa Kiakamba ulioanzishwa mwaka 1963. Husimuliwa kwamba uchongaji huu wa kuuza uliingia Wamunyu, Ukambani, kwa mkono wa Mutisya Munge, aliyeupata Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza; wafuasi wake wakaufuatisha wageni hadi pwani. Chini ya mapaa ya mabati mafundi huketi na tezo, patasi na msasa, huyu akichonga twiga, yule kifaru, mwingine Mmaasai mwenye mkuki. Mpingo na muhugu vilipoadimika, wengi wakageukia mwarubaini, mti uliotoka Bara Hindi na kuzoea mchanga wa pwani.

Hapa mhakiki hukwama, maana twiga hana ujumbe. Akiandika kwamba hii ni sanaa ya kitalii tu, atakuwa amesema kweli nusu. Nusu ya pili imo katika ushirika wenyewe: wanachama huchagua kamati, hukagua hesabu, hubishana juu ya bei, na wana duka lao badala ya kumtegemea mchuuzi wa barabarani. Mtu aliyekuja mjini bila shamba wala cheo amepata mahali ambapo kauli yake huhesabiwa. Hayo ni mabadiliko ya kijamii, ingawa hayakuchongwa katika kigogo chochote. Kasoro iko upande mwingine: anayeamua kichongwe nini ni mnunuzi. Mchongaji humiliki ushirika, lakini hamiliki hadithi.

Ili uzito wa jambo hili upimike, inafaa kurudi kisiwani kwa kitambo. Vikundi vya lelemama vya wanawake wa Mombasa, ambavyo Margaret Strobel alivichunguza katika kitabu chake cha mwaka 1979, vilijulikana kwa mashindano, mavazi ya gharama na nyimbo za kuwapiga vijembe wapinzani. Wapo walioziona ngoma hizo kuwa anasa na israfu. Lakini ndani yake wanawake walijifunza kuitisha mikutano, kukusanya fedha, kugawana vyeo na kusimama mbele za watu. Katika miaka ya 1950, wanawake wa Kiislamu wa mji huo walipounda vyama vya kudai elimu ya wasichana na haki ya kupiga kura, ujuzi huo haukuwa mgeni kwao. Asiyetafuta ila ujumbe ndani ya wimbo wa kijembe hakuweza kuliona hilo. Alichopaswa kukitazama ni mkutano uliofanyika kabla ya wimbo.

Kipimo cha tatu kiko mbali na pwani, na hakikwepeki. Mwaka 1977 wakulima na vibarua wa Kamĩrĩĩthũ, karibu na Limuru, waliigiza tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ kwa lugha ya Kikuyu. Mazoezi yalifanyika hadharani, na wanakijiji wakayasahihisha maneno ya waandishi: mzee hasemi hivi, kiwandani mambo hayaendi hivi. Mnamo Novemba maonyesho yalipigwa marufuku. Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini bila ya kushtakiwa. Mwaka 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Maudhui ya kuwapinga wanyonyaji yalikuwa yamekwisha kuandikwa kwa Kiingereza katika riwaya, na riwaya hizo ziliuzwa madukani. Lililokuwa jipya ni kwamba watu wasio na vyeo walikuwa wameshika kalamu pamoja na mtunzi. Dola ilikiona kile ambacho uhakiki ulichelewa kukiona.

Mhakiki akirudi Mombasa Bara na vipimo hivyo, ataitazama kwa jicho jingine michezo ya kuigiza ya mitaani iliyoenea katika miaka ya 1990 na baadaye. Sababu za kuigiza hazikupungua. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa; mapigano yaliyofuata yaliua watu na kuwahamisha maelfu, wengi wao wakiwa wa asili ya bara. Palikuwa na Ukimwi, palikuwa na heroini, na hatimaye pakazuka mvuto wa siasa kali za kidini. Mashirika yalikuja na fedha, na fedha zikaja na fomu. Fomu huuliza: ujumbe gani umefika, na umewafikia watu wangapi? Hilo, kwa masikitiko, ni swali lile lile la darasani. Mfadhili na mhakiki wameketi benchi moja.

Mfano wa kubuni utatosha kulifafanua jambo hili. Kikundi cha vijana kinaigiza katika uwanja wa mchanga huko Kisauni. Kijana mraibu wa unga anashawishiwa na rafiki, anakwenda kutibiwa, anarudi kwa mamaye, na wote wanaimba. Kabla ya wimbo, mama mmoja anasema kutoka nyuma: "Wangu hakurudi." Kiongozi wa kikundi ana njia mbili. Anaweza kumshukuru na kuendelea na wimbo; ripoti itasema ujumbe umefika. Au anaweza kumwita uwanjani, amwombe aonyeshe ni mlango upi uliofungwa, na nani aliyeufunga. Akifanya hivyo mchezo unaharibika kwa kipimo cha fomu, na hadhira inapata nafasi ya kuanza kuchunguza maisha yake.

Njia hiyo ya pili ina historia. Augusto Boal wa Brazili aliifanya kuwa mbinu kamili: mtazamaji husimamisha mchezo, huchukua nafasi ya mhusika na kujaribu uamuzi mwingine. Hapa Mombasa, filamu ya Watatu (2015), iliyotokana na kazi za jukwaani za shirika la SAFE Kenya, iliichukua mbinu hiyo kuzungumzia kijana anayevutwa na siasa kali. Si bure kwamba mbinu hii inahitaji ujasiri. Anayekubali mwisho wake usahihishwe hawezi kumwahidi mfadhili, polisi wala shehe kitakachosemwa.

Haifuati kwamba fani si kitu. Mchezo uliotungwa ovyo haumshawishi mama yeyote kufungua kinywa. Ni lazima kwanza mwigizaji amfanye aamini kwamba yule kijana ni wake. Ustadi ndio unaomwita. Linalodaiwa ni kwamba uhakiki uongeze swali moja kwenye orodha yake, baada ya dhamira, ujumbe na msimamo: ni nani anayeruhusiwa kuubadilisha mwisho? Kwa swali hilo twiga wa Changamwe, kijembe cha lelemama na mchezo wa Kisauni vinaweza kusomwa pamoja. Bila ya swali hilo, mhakiki atapanda feri jioni akiwa na ujumbe daftarini, na mama wa Kisauni atakuwa angali amesimama nyuma ya umati, hajaitwa.