Usitume Pesa Kabla ya Kuona Njia

Mjukuu wangu,



Nimeambiwa sokoni Longisa kwamba umepatana na broka juu ya lile shamba la nyuma linaloshuka mtoni, na kwamba arubuni utaituma mwisho wa mwezi. Kwa nini habari hii niipate kwa watu? Mimi ndiye niliyewaonyesha maserveya mipaka yetu babako akiwa mtoto, na hadi leo hakuna mtu wa boma hili aliyepelekwa kwa chifu kwa ugomvi wa mpaka.

Shamba hilo halina njia. Pale watu wanapopita ni hisani ya jirani tu.

Binamu yangu alinunua ekari mbili zisizo na njia, hati ikatoka kwa jina lake. Alipita kwa jirani miaka mingi, na kila msimu alimwomba ruhusa na kumpelekea mursik. Jirani huyo alipofariki, wanawe wakaiziba njia kwa seng'enge. Majani yake ya chai yakawa yanazungushwa bondeni kwa mgongo, yakifika kituoni yamenyauka, karani anayakataa. Akaenda mahakamani kudai kwamba amepita zaidi ya miaka 20. Sheria huitambua njia iliyotumiwa miaka 20 waziwazi, bila kukatizwa, mtu akipita kwa haki yake. Yeye alikuwa akiomba, na mwenyewe alikiri. Akashindwa. Sheria ya Ardhi ya 2012 inamruhusu aliyezingirwa kuiomba mahakama apewe njia, lakini pesa na nguvu zilikuwa zimemwishia. Aliuza kwa bei ya kutupa, na inaniuma hadi leo.

Nenda ofisi ya ardhi Bomet ufanye sachi ya shamba hilo na ya jirani pia. Njia iliyosajiliwa huandikwa kwa jirani kwenye sehemu ya mizigo. Chukua na ramani, uone kama kuna barabara inayofika. Kisha njoo tulikanyage shamba lenyewe, maana haki za zamani za njia na maji hukubana hata zisipoandikwa, na ng'ombe wa watu hushukia hapo kunywa.

Idhini ya bodi ya ardhi usiiruke. Mkeo naye ajue.

Jirani akikubali kutoa njia, atie sahihi na njia isajiliwe. Kabla ya hapo usimpe broka hata shilingi. Nipigie simu kabla ya Jumapili.

Babu yako