Vidole vya Edobei

Mpwa wangu Zuhura,

Barua yako imenifikia, na swali lako nimelipenda. Unauliza kama aliyemchora yule mtu wa vidole vilivyotapanyika hakujua kuchora mikono. Ni kweli, mikono ni midogo, tena imechomoza kifuani kana kwamba si yake. Lakini mtazame tena ukijua kwamba anakwenda kupora fedha. Huyo ni Ōtani Oniji wa Tatu, mwigizaji wa kabuki, maigizo ya jadi ya Kijapani, akiigiza mtumishi katili aitwaye Edobei. Ni mwaka 1794, mjini Edo, ambao leo ni Tokyo. Mikono ingekuwa ya kawaida, pupa ile ungeiona wapi?

Mchoraji ni Tōshūsai Sharaku. Alizuka mwaka huohuo bila kujulikana, zikatolewa picha zake 28 kwa mkupuo, nyuso kubwa zinazoijaza karatasi, nyuma yake ulanga mweusi unaometa. Miezi kama 10 baadaye, baada ya picha zaidi ya 140, akatoweka.

Picha hizi zilinunuliwa na mashabiki, na shabiki hutaka kipenzi chake apendeze. Wachoraji walijua hivyo, wakapamba. Wanawake walikuwa wamepigwa marufuku jukwaani tangu 1629, kwa hiyo wanaume ndio walioigiza wanawake, na wengi wao walisifiwa mno kwa uzuri. Sasa mwangalie Segawa Kikunojō wa Tatu jinsi Sharaku alivyomchora akiigiza mke wa mtu. Poda ipo, mavazi ya kike yapo, lakini taya nzito ya mwanamume wa miaka 40 na kitu nayo ipo palepale. Watu wawili katika uso mmoja, na hakuna anayemfunika mwenzake. Mimi hapo ndipo aliponiteka, na sioni dhihaka yoyote. Naona mchoraji aliyeheshimu kazi ngumu ya kuigiza. Mwandishi Ōta Nanpo, aliyeishi Edo zama hizo, alieleza kwamba Sharaku hakudumu kwa sababu alizidisha ukweli.

Na kwa kuwa unajifunza kuchonga mbao za kuchapia, ujue kwamba Sharaku hakushika patasi. Mchapishaji wake, Tsutaya Jūzaburō, ndiye aliyegharamia kazi, ingawa miaka mitatu kabla serikali ilikuwa imemwadhibu vikali kwa vitabu alivyovitoa. Mchongaji alibandika mchoro kifudifudi juu ya ubao wa mcheri, akakata kufuata mistari, na mchoro wenyewe ukaishia hapo. Kila rangi iliandaliwa sehemu yake ya kuchongwa, na alama zilizokatwa pembeni mwa ubao zilimwongoza mchapaji alaze karatasi mahali palepale kila mara. Tazama nywele zinapoanzia kwenye paji la uso: kila unywele ni ukuta mwembamba wa mbao ulioachwa umesimama. Majina ya waliochonga hayamo kwenye picha. Hilo huniuma kila nizitazamapo.

Mwaka huohuo wa 1794 Utagawa Toyokuni naye alikuwa akiwachora waigizaji wa Edo, wima, mwili mzima, wamependeza, na yeye akadumu miaka mingi na wanafunzi tele. Zitafute picha zake uzilaze kando ya hizi, kisha uniandikie ni mikono ya nani ungependa kuichonga.

Msalimie sana mama yako.

Mjomba wako akupendaye,
Salim