Maua ya Mwisho wa Kipupwe

Mwisho wa Agosti, kipupwe kikiaga, tuliondoka Kanengo, mtaa wa viwanda na mnada wa tumbaku, tukaenda Bustani ya Mimea ya Lilongwe. Nilifuatana na rafiki zangu, mume na mke, wenyeji wa Fizi, Kongo. Wao hukaa Dzaleka, wilayani Dowa, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza. Walikuwa na ruhusa ya siku moja tu.

Nyasi zilikuwa zimekauka. Lakini mti mmoja wa porini, usio na jani hata moja, ulijaa maua mekundu, na ndege chozi wakifyonza asali yake. Mti huu hutangulia kuchanua. Majani huja baadaye.

"Shemeji, huu tunao nyumbani," alisema mama, akanyamaza kitambo.

Kisha akaokota chini mbegu mbili, nyekundu zenye doa jeusi. Nilimwonya kuwa zina sumu, zisimfikie mtoto.

"Si za kula. Nitazipanda mlangoni."

Mumewe akamwuliza ni nani atakayekaa kivulini.

"Atakayekuwapo," akajibu.

Saa tisa tuliondoka, ili wawahi kambini.